Mtoto akishasema: mafunzo ya ulinzi wa mtoto yanafundisha nini, na nani anafaa kuyatoa

Mtoto wa darasa la tatu aliyefanyiwa ubaya haendi kubisha hodi ofisini kwa mwalimu mkuu na kuomba kutoa taarifa. Anamsogelea mtu aliyemzoea, mara nyingi wakati mtu huyo ana shughuli nyingine mkononi: mpishi anapakua uji, matroni anakunja mashuka, dada wa basi la shule anahesabu vichwa. Wala hasemi yote. Anadondosha sentensi moja, "mimi sitaki kukaa siti ya nyuma," halafu anautazama uso wa mkubwa. Uso ukishtuka, au ukicheka, au ukimwambia "hebu acha maneno yako," mazungumzo yameisha hapo, pengine kwa miaka.

Sasa tazama karatasi ya mahudhurio ya semina ya ulinzi wa mtoto. Mwalimu mkuu yumo, mratibu wa elimu kata yumo, mwenyekiti wa kamati ya shule yumo. Mpishi hayumo. Mlinzi wa getini hayumo. Dereva yuko nje kwenye kivuli, anasubiri kuwarudisha washiriki. Ndiyo maana utakuta shule yenye vyeti vya mafunzo ukutani na bado kesi ya kwanza ikitokea inaharibikia mikononi mwake kabla ya jioni.

Kuna mkanganyiko mwingine unaoanzia kwenye jina lenyewe la mafunzo haya. Chini ya "ulinzi na usalama wa mtoto" zimewekwa kazi mbili ambazo si sawa. Ya kwanza ni ya taasisi kujitazama yenyewe, iwe shule, madrasa, kanisa, kituo cha kulelea watoto au akademi ya mpira. Inajiuliza kama utaratibu wake unampa nafasi mtu mwenye nia mbaya: nani anaajiriwa na anachunguzwa vipi, nani anabaki peke yake na watoto, vyoo viko wapi, picha za watoto zinasambazwa na nani, mtoto akiwa na malalamiko amwone nani. Hiyo inawahusu watoto wote, hata ambao hawajaguswa na lolote. Kazi ya pili huanza pale anapotokea mtoto mmoja mwenye jina na dalili kwamba anaumizwa, nyumbani au kwingineko. Hapo taasisi haichunguzi kesi wala haihukumu. Inatambua, inaandika, inatoa taarifa kwa wenye mamlaka, na inaendelea kuwa karibu na mtoto wakati wengine wanafanya kazi yao.

Zikichanganywa, moja humezwa. Utakuta shule yenye sera ya kurasa nyingi iliyopigwa muhuri, lakini hakuna mwalimu mwenye namba ya afisa ustawi wa jamii wa kata. Au kinyume chake: shule hodari wa kupeleka kesi za baba wa kambo polisi, ila haijawahi kujiuliza kwa nini mwalimu wake mmoja anafundisha tuisheni ya wasichana watatu chumbani kwake baada ya magharibi.

Msukumo ulikotoka

Sehemu ya msukumo ilitoka nje, na ni vizuri kuujua kwa sababu unaeleza kwa nini mafunzo mengi yana harufu ya makaratasi. Mwaka 2002 shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, pamoja na Save the Children ya Uingereza, yalitoa matokeo ya uchunguzi wao kwenye jamii za wakimbizi nchini Guinea, Liberia na Sierra Leone. Ilidaiwa humo kwamba baadhi ya wafanyakazi wa misaada walikuwa wakidai ngono kwa watoto ndipo wawape chakula na huduma ambazo zilikuwa haki yao. Oktoba 2003 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa akatoa waraka uliopiga marufuku wafanyakazi wa umoja huo kufanya ngono na yeyote aliye chini ya miaka 18, hata kama sheria ya nchi husika inaweka umri mwingine. Mwaka 2018, habari za wafanyakazi wa Oxfam nchini Haiti zilipofichuka, wafadhili wakakaza kamba zaidi. Tangu hapo shirika dogo linaloomba ruzuku, liwe Singida au Kisumu, hudaiwa sera ya kulinda watoto, saini za wafanyakazi na ushahidi wa mafunzo. Sera inakuja kwa Kiingereza, inasainiwa na mlinzi ambaye hakuwahi kuisoma, faili linafungwa.

Msukumo wa ndani ulikuwa na uzito mwingine. Mwaka 2009 Tanzania ilipitisha Sheria ya Mtoto, na mwaka huohuo ukafanyika utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, ulioendeshwa na UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC) na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili. Kwa wasichana, matukio ya kingono yalitokea zaidi ndani ya nyumba ya mtu, na baada ya hapo njiani kwenda au kutoka shule, ile njia inayopita vibanda, bodaboda na mashamba ya mahindi.

Takwimu inayomhusu mkufunzi kuliko zote ni nyingine. Kati ya wasichana waliofanyiwa ukatili wa kingono, takribani nusu hawakumwambia mtu yeyote. Wavulana walionyamaza walikuwa kama theluthi mbili. Kwa hiyo mtoto anayesema ni mtoto aliyekwishavuka ukuta ambao wenzake wengi hawakuuvuka. Serikali baadaye ilitunga MTAKUWWA, Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto wa 2017/18 hadi 2021/22, ukaunda kamati za ulinzi kuanzia taifa hadi mtaa na kijiji. Zanzibar ina Sheria ya Mtoto yake ya mwaka 2011, na Kenya iliiandika upya ya kwake mwaka 2022. Sheria si haba. Kinachopungua ni mtu anayejua afanye nini saa nne asubuhi, mtoto akiwa amesimama mbele yake.

Swali moja linavyoweza kuua kesi

Hapa ndipo mkufunzi aliyewahi kukaa na kesi anapotofautiana na anayesoma slaidi. Msomaji wa slaidi atasema, "msikilize mtoto kwa makini," na washiriki wataandika. Mwenye uzoefu atawaweka wawiliwawili, mmoja awe mtoto, mwingine awe mkubwa, kisha atasimama pembeni asikie wanavyoharibu.

Na huwa wanaharibu namna moja. Anayeigiza mtoto anasema, "Anko ananishika." Mwalimu, kwa uchungu wa kweli kabisa, anafyatuka: "Anko gani, huyu anayekaa kwenu? Amekushika huku chini? Mara ngapi? Alikuvua nguo?" Mtoto anaitikia kwa kichwa kila swali, kwa sababu mtoto wa Kiswahili amelelewa kumwitikia mkubwa. Baada ya dakika tatu mwalimu ana hadithi nzima, lakini mwandishi wake ni yeye mwenyewe. Mtoto alisema maneno mawili tu.

Kisha zoezi linarudiwa. "Nashukuru umeniambia. Nieleze zaidi." Kimya kinafuata, na mkufunzi anawazuia wasikijaze. Kimya hicho kinaumiza. Washiriki wengi hawawezi kukivumilia kwa nusu dakika. "Halafu ikawaje?" Basi. Mlezi, mwalimu au mpishi hahitaji zaidi ya hapo. Anachotakiwa kujua ni kama kuna jambo la kutolewa taarifa na kama mtoto yuko hatarini leo. Mahojiano kamili yana watu wake.

Kwa nini ukali wote huu juu ya swali? Jibu liko mahakamani. Sheria ya ushahidi ya Tanzania, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inamruhusu mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema kweli na si uongo. Katika makosa ya kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto huyo peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu. Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kosa kama hili ni wa aliyetendewa. Maana yake, maneno ya mtoto ndiyo kesi. Sasa wakili wa utetezi anasimama na kuuliza, kwa upole tu: "Nani alikuwa wa kwanza kusema kwamba ni anko?" Kama jibu ni "mwalimu," umeona mwenyewe.

Askari wa dawati la jinsia na watoto aliyewahi kusimamia kesi hadi hukumu analieleza hili kwa namna ambayo hakuna kitabu kitaieleza, kwa sababu ameona mtuhumiwa akitoka mlango wa mbele wa mahakama akisindikizwa na ndugu, na akajua kosa lilifanyika wapi.

Kuandika nako kuna mambo yake. Tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, na maneno ya mtoto kama alivyoyasema. Akisema "dudu," andika "dudu". Ukiandika "uume" umemtia mtoto wa miaka saba lugha ya daktari, na atakapoulizwa kortini hatalijua neno hilo. Ulichokiona kitenge na unachokidhani. "Alama ya zambarau mkono wa kushoto, juu ya kiwiko" ni ulichokiona. "Anapigwa na mama yake" ni dhana yako, hata kama ni ya kweli.

Na kuna ile ahadi. "Ukiniahidi hutamwambia mtu, nakuambia." Kila mtu mwenye moyo mwema anataka kujibu "sawa, naahidi." Wakufunzi wazuri hufundisha jibu lingine na kulirudia mpaka linatoka bila kufikiri: "Siwezi kukuahidi hilo, kwa sababu huenda ukahitaji msaada. Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia, na nitakuambia ni akina nani." Baadhi ya watoto watanyamaza wakisikia hivyo. Wengi huendelea. Aliyeahidiwa siri kisha akamwona askari anaingia getini hatamwambia mtu mzima tena.

Saa 72, beseni la maji na bahasha ya kaki

Inapokuwa ubakaji au ulawiti wa karibuni, kuna saa inayokimbia. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora. Kwa msichana aliyevunja ungo, dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina kikomo cha saa 120. Wengi wamewahi kuzisikia namba hizi. Wanachokosa ni mambo madogo yanayozizunguka, na hapo muuguzi aliyefanya kazi kwenye kituo cha mkono kwa mkono, ambako mtoto hupata tiba, polisi na ustawi mahali pamoja, anakuwa na thamani kuliko profesa.

Atawaambia kwamba jambo la kwanza ambalo mama yeyote hufanya ni kumwogesha mtoto. Ni huruma, ni mila, ni kutaka kuufuta uchafu ule. Na ndani ya beseni hilo unakwenda ushahidi. Nguo zinafuliwa au kuchomwa. Kwa hiyo: asiogeshwe kwanza, nguo zisifuliwe, zisitiwe kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu unyevu huozesha ushahidi, zitiwe kwenye bahasha ya kaki au karatasi na ziende naye hospitali. Kama ameshaogeshwa, aende hivyohivyo, mama asigombezwe. Sentensi hii ya mwisho ndiyo inayosahaulika kwenye slaidi.

Kuhusu PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza, washiriki wengi huamini kwamba bila hiyo hospitali haigusi mtoto, na hivyo asubuhi nzima inaishia kwenye benchi la kituo cha polisi. Fomu ni muhimu kwa kesi. Tiba ya dharura, hata hivyo, haisubiri karatasi. Vituo vya mkono kwa mkono vilianzishwa ili kuondoa mzunguko huo: daktari, askari na afisa ustawi wakiwa sehemu moja, mtoto asimulie mara moja badala ya mara nne. Zanzibar ilikuwa na kituo chake hospitali ya Mnazi Mmoja tangu mwaka 2011. Wapi kuna kituo karibu nawe ni swali ambalo mafunzo yoyote lazima yalijibu kwa jina la hospitali, la sivyo ni hotuba.

"Haya tuyamalize wenyewe"

Mkufunzi ambaye hajawahi kufanya kazi mtaani hupita haraka kwenye jambo hili, ilhali ndilo linaloangusha kesi nyingi. Taarifa imeshatolewa, mtoto amepimwa, halafu wazee wanakaa. Mtuhumiwa ni shemeji, au ni ustadhi, au ndiye anayelipa kodi ya nyumba. Linatajwa suala la aibu, la ukoo, la "mtoto ataolewa na nani." Mbuzi wawili wanahama, au bahasha inapita mkono hadi mkono, na siku ya kesi shahidi haonekani. Kaskazini mashariki mwa Kenya utaratibu wa wazee kusuluhisha hata ubakaji unaitwa maslaha, na wanaharakati wa huko wamepambana nao kwa miaka.

Kuwaambia watu "hiyo ni kinyume cha sheria" ni kweli na hakusaidii sana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aipeleke kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Ridhaa ya wazee haimo. Lakini afisa ustawi mzoefu atakwenda hatua moja mbele na kuuliza: mama huyu akikataa suluhu, atakula nini mwezi ujao? Nani atakaa naye siku wifi zake watakapomjia juu? Atafundisha kumjenga mama kabla kikao hakijaitwa, kwa sababu baada ya kikao huwa umechelewa.

Upande wa shule, suluhu ya kimyakimya huvaa nguo nyingine. Mwalimu anahamishwa. Anaombwa aandike barua ya kuacha kazi, anaondoka na barua nzuri ya utambulisho, na muhula ujao yuko wilaya nyingine na watoto wengine. Kenya, tume ya kuajiri walimu, TSC, ilitoa waraka mwaka 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya unyanyasaji wa kingono, ukimbana hata yule anayejua na kunyamaza, na tume hiyo hutangaza majina ya walimu waliofutwa kwenye rejesta. Ni hatua ya maana. Cheti cha polisi cha tabia njema, ambacho waajiri wengi hukitegemea, kinaonyesha tu kama mtu aliwahi kutiwa hatiani. Na tumeona kesi nyingi zinaishia wapi. Simu moja kwa mwajiri wa zamani, yenye swali la wazi, "ungemrudisha afanye kazi na watoto?", hutoa zaidi. Sikiliza hasa anavyosita kabla ya kujibu.

Mtu anayewanyanyasa watoto haanzi na ubaya. Anaanza kwa kuwa mwema kuliko wengine: analipia safari, ana pipi, anampenda mtoto ambaye hapendwi, anawazoea wazazi mpaka wanamwita ndugu. Kisha siri ndogo, kisha mguso wa "bahati mbaya." Ndiyo maana mafunzo mazuri hutumia muda kwenye mambo yanayoonekana madogo, kama kocha anayewatumia wachezaji wa miaka 13 meseji za usiku, au mwalimu wa dini anayembakiza mmoja baada ya darasa kila siku. Hakuna kosa la kumpeleka mtu polisi hapo. Kuna jambo la kuandikwa na kuulizwa, na kanuni za maadili za taasisi zinatakiwa zilitaje waziwazi, ili anayeuliza asionekane mbeya.

Mkufunzi gani?

Uingereza ilijifunza kwa msiba. Februari 2000 Victoria Climbié, msichana wa miaka 8 aliyezaliwa Côte d'Ivoire, alifariki London kwa mateso ya shangazi ya baba yake na mpenzi wa shangazi huyo. Idara za ustawi, polisi na hospitali zote zilikuwa zimemwona. Uchunguzi wa Lord Laming, uliotolewa mwaka 2003, ulihesabu angalau nafasi 12 ambazo angeweza kuokolewa, na mengi yaliyokosekana yalikuwa ya kawaida mno: kumwuliza mtoto mwenyewe, kuandika, kupeana taarifa, kufuatilia. Leo kila shule ya England lazima iwe na kiongozi mmoja anayebeba dhamana hii, mafunzo yake yakirudiwa kila miaka miwili, na wafanyakazi wengine wakikumbushwa angalau mara moja kwa mwaka. Huku kwetu semina moja hukaa miaka sita kwenye ripoti.

Uzoefu peke yake hautoshi, lazima niseme. Kuna wazoefu wanaofundisha kwa visa vya kutisha, kimoja baada ya kingine, washiriki wanatoka wakitetemeka na hawajui wafanye nini. Kuna wanaosimulia kesi kwa undani kiasi kwamba kila mtu ukumbini anajua ni mtoto wa nani. Mtu huyo amevunja, mbele ya darasa, kanuni aliyokuja kuifundisha. Na kuna waliozoea makosa. Askari wa miaka ishirini kazini anaweza kuwa na miaka ishirini ya kumwuliza mtoto "ulivaa nini." Kwa hiyo ukimtafuta mkufunzi, mwulize kesi gani imebadilisha namna anavyofanya kazi, bila majina. Mwulize atafanya nini mshiriki akianza kulia. Ukumbi wa watu thelathini una watu waliofanyiwa haya utotoni, takwimu za juu zinatuambia hivyo, na mzoefu wa kweli huanza siku kwa kusema kwamba kutoka nje kunaruhusiwa na kuna mtu wa kuzungumza naye.

Mwulize pia kuhusu viboko. Hapo utamjua. Katika utafiti ule wa 2009, zaidi ya nusu walisema walimu waliwapiga kwa namna iliyohesabiwa kuwa ukatili. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001. Tanzania Bara bado ina kanuni za mwaka 2002 zinazoruhusu viboko visivyozidi vinne, vya mkuu wa shule au aliyemteua kwa maandishi, na vinavyoandikwa kitabuni. Mwalimu aliyekaa kwenye semina amechapa watoto wiki hiyohiyo, wengine nje kabisa ya kanuni hiyo, na anajua. Mkufunzi anayelikwepa swali hilo amewapoteza; anayewashutumu amewapoteza vilevile. Aliyewahi kufundisha darasa la watoto tisini atakaa nao walipo na kuzungumzia namna ya kulitawala darasa hilo bila fimbo, kwa mifano.

Zoezi linalowatenganisha wakufunzi haraka ni la Ijumaa saa nane mchana. Mtoto wa bweni anasema hataki kwenda nyumbani likizo fupi. Hasemi kwa nini. Simu ya afisa ustawi haipatikani. Mama yuko njiani, na amefuatana na mtu ambaye mtoto akisikia jina lake ananyamaza. Ufanye nini? Wanaokariri sera watasema "toa taarifa." Kwa nani, kwa njia gani, na mtoto anakaa wapi wakati huo? Shule haina mamlaka ya kumshikilia mtoto wa watu. Mama anaweza kuwa ndiye msaada mkubwa kuliko wote, akipata nafasi ya kusemeshwa peke yake. Inapigwa 116, namba ya bure ya msaada kwa mtoto, Tanzania na Kenya pia. Anatafutwa mtendaji wa mtaa, linapigiwa dawati la polisi. Kuna bibi? Kuna shangazi ambaye mtoto anamtaja kwa furaha? Ukumbi unabishana kwa saa nzima, na mkufunzi hatoi jibu moja kwa sababu halipo, ila hakuna anayetoka bila kujua kwamba kumwachia mtoto aende kimyakimya, ukipanga kushughulikia Jumatatu, hakukubaliki.

Baada ya hapo kuna mambo ya nauli. Hayasikiki kwenye ufunguzi wa semina, ila yasipoamuliwa mafunzo yote yanabaki darasani. Nani ana vocha ya kupiga simu? Bodaboda au bajaji ya kwenda hospitali ya wilaya inalipwa kutoka fungu gani, na nani ana ruhusa ya kulitoa bila kusubiri saini ya mwalimu mkuu aliye safarini? Mtu gani mzima, ambaye mtoto anamjua, anakwenda naye na kubaki naye mpaka mwisho? Nani anaambiwa, na nani haambiwi, hasa lile kundi la WhatsApp la walimu? Shule moja moja huyaamua haya mchana uleule wa mafunzo, zinaandika majina mawili na namba zao nyuma ya mlango wa jikoni, zinatenga fedha kidogo kwenye bahasha na kumkabidhi matroni. Kwenye shule hizo mpishi naye alikuwa ukumbini.